Kibodi Chini ya Shuka

Kazini walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Siku shuka lilipomvuta vidole hadi kwenye silinda ya moto ya mashine ya pasi, aliyepiga kelele ni mwenzake wa upande wa pili. Yeye aliutoa mkono, akaitazama ngozi inavyobadilika rangi, akauliza kama shuka limeungua. Msimamizi alimpa dawa ya kupaka na ruhusa ya kwenda nyumbani mapema. Dawa aliipokea, ruhusa akaiacha palepale mezani. Nyumbani kulikuwa na kazi nyingi kuliko kiwandani.

Kiwanda chao kilifua mashuka ya hoteli. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, wanalinyoosha, wanalilisha mashine, linatokea upande wa pili limenyooka na lina joto kama mkate. Kazi hiyo haitaki mtu afikiri, na Kimya aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kama neno kupenda linafaa hapa. Siku nyingi alikuwa hapendi kitu wala hachukii kitu. Aliamka, akafanya, akalala.

Nyumbani alikuwa na baba yake. Majirani walimwita mzee huyo Kamanda, ingawa bunduki hakuwahi kuishika. Maisha yake ya kazi aliyamalizia kwenye kampuni ya mizigo akiwa mpanga malori: chumba kidogo, redio ya kuongea na madereva, ramani ukutani, na yeye katikati anasema nani aende wapi na nani arudi. Ukamanda aliupata kwenye gemu. Kompyuta ya ofisi ilipozeeka kampuni ilimwachia, na ndani yake kulikuwa na gemu la vita. Unajenga ngome, unalima, unakusanya jeshi, na adui naye anafanya yake wakati huo huo, hakusubiri umalize kujikuna kichwa. Wazee wengine wakistaafu hupanda maua. Huyu alistaafu akaanza kuteka miji.

Kimya, binti yake, mzee alimfundisha mwenyewe, binti angali msichana wa shule. Kaka mtu alijaribiwa kwanza akashindwa, maana alikuwa akimshika kila askari peke yake kwa kipanya, anambofya, anampeleka, anarudi kumchukua mwingine.

"Wewe unapigana au unachambua mchele?" baba alimuuliza, na kaka akanuna, akatoka nje, hakurudi tena kwenye kiti kile.

Kimya alikaa. Baba alimwekea vidole vya mkono wa kushoto juu ya kibodi na kumwonyesha siri yote.

"Wazungushie boksi kwa kipanya wapiga mishale wako wote. Haya. Sasa shika kitufe hiki cha Kontrol, gonga mbili. Hapo umewapa namba. Nenda popote unapotaka, fanya mambo yako. Ukiwahitaji, gonga mbili tupu. Umeona? Umewaita, wamekuja wote. Kuwapa namba ni mara moja, kuwaita ni kila wakati. Usije ukachanganya hayo mawili, mama, utajikuta huna jeshi."

Mama ndivyo alivyomwita tangu mtoto, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Mikuki ilikuwa namba moja, mishale namba mbili, farasi tatu, mafundi wa kujenga nne. Miaka yote hiyo mpangilio haukubadilika. Mzee alivigonga vitufe bila kuvitazama, na maadui wa kompyuta walikiona cha moto.

Halafu akaanza kuchanganya.

Kwanza ilikuwa nyumbani humo humo. Birika lilipigwa moto bila maji. Kiatu kimoja chake, kingine cha binti. Akatoka kwenda kununua wembe, akapatikana ameketi sebuleni kwa watu asiowajua, anawauliza kama malori yamefika. Kimya akaanza kumfungia mlango kwa nje anapokwenda kazini, ufunguo akimwachia fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu. "Mungu atakulipa, mwanangu," fundi alimwambia kila asubuhi. "Amina," alijibu Kimya, na ndani hakusikia chochote, si baraka wala uchungu. Alisikia funguo tu zikigongana.

Kwenye gemu kosa lilikuwa la namna yake, na asiyelijua gemu hilo asingeliona. Mzee alikuwa amewashika mafundi, wanajenga ukuta. Adui akatokea. Mzee akataka mishale yake, mkono ukaenda kwenye mbili, lakini kidole kidogo kikawa kimeshashika Kontrol. Badala ya kuwaita wapiga mishale, akawapa mafundi namba yao. Kuanzia hapo akigonga mbili, wanaitika mafundi, kila mmoja na nyundo yake, na wapiga mishale wamesimama nyuma ya ghala hawana namba, hawana wa kuwaita. Mzee aligonga, akagonga tena. Akaitazama mikono yake kama anaitazama ya mtu mwingine. Siku ile alizima kompyuta akakaa gizani na chakula akakataa.

Kesho yake Kimya alichomeka kibodi ya pili na kipanya cha pili kwenye kompyuta ile ile. Kompyuta haijali mikono ni ya nani. Akavipakata, akavifunika kwa shuka la hoteli lililotupwa kwa kuchanika, akakaa pembeni ya baba kama mtu anayekunja nguo. Mzee akikosea, akishusha macho kutazama vidole vyake, Kimya anawazungushia wapiga mishale boksi harakaharaka, Kontrol, mbili. Mzee akiinua macho, anagonga, wanakuja. "Hao!" anasema. Anakula vizuri, analala vizuri. Ilianza kwa kosa moja moja. Ikafika mahali Kimya analirudisha jeshi zima kila baada ya vitufe vichache, na vita vyenyewe ni vyake, mzee amebaki na kelele za ushindi.

Hila hiyo ilimgeuka mwenyewe. Kaka, aliyekuwa fundi wa lifti mji mwingine na mwenye nyumba yenye chumba kitupu, alikuwa akija mara chache, na kila akija anamkuta mzee mbele ya skrini anabomoa ngome ya watu. Anasimama nyuma yake anatabasamu. "Mtu anaongoza jeshi zima, huyo ana tatizo gani?" anasema, anakunywa chai, anaondoka. Na kwenye simu Kimya alisema mambo yale yale. Mzee hajambo. Anakula. Usijali, kaka. Angesemaje? Mtoto wa kike amchoke baba yake, tena baba mwenyewe hajawahi kumpiga hata kofi? Neno lenyewe alilijaribu siku moja bafuni, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa. Halikutoka.

Aliyelitoa ni fundi cherehani. Mdomo ule mrefu ulimpigia kaka simu ukamweleza habari ya mlango unaofungwa kwa nje. Kaka akapiga kwa Kimya, sauti imebadilika.

"Jumapili nakuja. Nitakaa naye mwenyewe nimwangalie. Nikiona hajiwezi, naondoka naye siku hiyo hiyo, chumba kipo na wifi yako yuko nyumbani mchana kutwa. Nikiona yuko sawa, basi, mnaendelea, na huyo fundi nitamwambia ashone nguo zake. Sawa?"

"Sawa," alisema Kimya.

Alijua maana yake. Jumapili ilikuwa na milango miwili, na wa kuufungua mmoja alikuwa yeye. Alitafuta moyoni anataka upi, akakuta pamenyamaza. Alimnyoa baba ndevu, akamkata kucha, akampigia pasi shati jeupe, na hakujua kama anamwandaa kwa safari au kwa kubaki.

Kaka alifika na begi la matunda, akavuta stuli, akakaa karibu kabisa, magoti yanagusa kiti cha mzee. Kimya akakaa upande wa pili, shuka mapajani.

"Haya Kamanda, tuonyeshe," alisema kaka.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mzee alipanda mazao, akafuga, akajenga kambi. Alizungusha boksi, akagawa namba, moja, mbili, tatu, nne, midomo inacheza kidogo anapohesabu. Kaka alimtazama dada yake juu ya kichwa cha mzee na kuinua nyusi, kama kusema, mbona yuko fiti? Kimya akatazama pembeni.

Kisha farasi wa adui wakatokea kwenye kilima, wengi, wanakuja moja kwa moja langoni. Mzee alikuwa amewashika mafundi. Kidole kidogo kikashuka kwenye Kontrol, kingine kikagonga mbili.

Kimya aliona. Chini ya shuka mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, mahali pake pa kila siku. Ilihitaji boksi moja na vitufe viwili. Aliungoja mkono uende. Haukwenda. Asije mtu akasema aliamua, maana hakuamua. Mkono ulilala pale kama umeshindiliwa, na yeye aliutazama jinsi alivyoitazama ngozi yake siku ile ya mashine.

Mzee akagonga mbili, akabofya langoni. Mafundi wakaacha ukuta, wakatoka na nyundo zao, kundi zima, wakaenda kukutana na farasi.

"Baba, hao si wajenzi?" kaka aliuliza.

Mzee akainamia skrini. Akagonga mbili. Akashusha macho kwenye vidole, kama kawaida yake, akangoja. Akainua macho, akagonga. Mafundi wa mwisho wakaanguka langoni. Akashusha macho tena, akangoja zaidi, kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani.

"Leo hunirudishii?" aliuliza taratibu, bila kugeuka.

"Kurudisha nini?" alisema kaka.

"Askari. Mimi nawapoteza, huyu ananirudishia. Anadhani sioni." Akanyoosha mkono, akalishika shuka kwa ncha, akalivuta. Kibodi ikaonekana mapajani, na mkono wenye kovu la mashine umelala juu ya kipanya. Mzee aliutazama mkono ule. "Umechoka, mama," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mchukue mzee wako. Huyu mtoto amechoka."

Uso wa kaka uliiva. Aliitazama kibodi, akamtazama dada yake, na hesabu ya safari zake zote za chai na tabasamu ikampitia machoni. "Mdogo wangu," alianza. Akainuka. "Nguo zake ziko wapi?"

"Kabati la kushoto," alisema Kimya. "Fulana za ndani ziko chini."

Hapo kitu kilimgusa kifuani, kikali, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliolaliwa. Kiliuma. Alishangaa kidogo kwamba kinauma. Baba alijua. Siku zote zile alizodhani anamficha, yeye ndiye aliyekuwa anafichiwa, na aliyetakiwa kulisema neno lile alikuwa ametangulia kusemewa. Alifuta macho kwa shuka la hoteli na kwa mara ya kwanza tangu siku asiyoikumbuka alijisikia mwepesi. Ameruhusiwa. Mwenyewe ametoa ruhusa kwa mdomo wake.

Kwenye skrini adui aliwasha moto ghala, akamaliza kambi, akatandaza bendera zake. Mzee alitazama yote bila kinyongo. Kaka alipotoka chumbani na begi limejaa, viatu vya baba vinaning'inia mkononi, mzee aligeuka akamtazama kwa uso wa ukarimu, uso wa mwenye nyumba.

"Nani anasafiri?" aliuliza.

Kaka akasimama. Kimya akahisi wepesi wote unamtoka. Ile ruhusa ilikuwa imepotea, imesimama mahali nyuma ya ghala haina namba, na hakukuwa na boksi la kuirudisha.

"Tunakwenda tu kubadilisha hewa kidogo, Mzee," kaka aliwahi, sauti ya kumchangamsha mtoto. "Siku mbili tatu, halafu..."

"Hapana, kaka," alisema Kimya. Akaiweka kibodi mezani, akapiga magoti mbele ya baba yake, akachukua kiatu kimoja mkononi mwa kaka. "Wewe ndiye unayesafiri, baba. Unakwenda kukaa kwa kaka."

"Mimi? Kwa nini?"

Kazini walikosea kumwita Kimya. Huyu hakuwa mkimya, alikuwa ameziba. Neno lilipanda na kila kilichokuwa kimelilalia.

"Kwa sababu nimechoka, baba. Nimechoka kukutunza."

Mzee alilifikiria. Alimtazama binti yake usoni muda mrefu, pengine akijua ni nani, pengine hajui.

"Ungesema," alisema, akanyoosha mguu avishwe kiatu.