Maji Yasiyopungua

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1970. Asubuhi ile hapakuwa na upepo kabisa. Joto lilikuwa limeshakaa vichochoroni tangu alfajiri, na mbingu ilikuwa nyeupe kama bati jipya.

Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba maji ya tangi la marehemu mume wangu yameacha kupungua.

Msinicheke. Ngojeni niwaeleze.

Mume wangu, Borafya, alikuwa mzamiaji. Alifanya kazi na watu waliokuwa wakichunguza viumbe vya baharini. Nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, alitengeneza tangi la kioo lenye fremu ya mvule, akalitia maji ya bahari, kisha akaweka ndani matumbawe hai na samaki wawili wa michirizi. Pampu ndogo ya hewa ilinguruma mchana kutwa kama paka aliyeshiba.

Watu walimtania.

"Borafya, bahari si hiyo hapo nje? Mbona weye umeifungia ndani?"

"Ile ya wote," akijibu. "Hii ya mke wangu."

Kumbe kuweka bahari ndani ya nyumba ni kazi. Samaki si tabu. Tabu ni maji.

"Mwatum, sikiliza," alinambia siku moja, kidole chake kwenye alama aliyoichora juu ya kioo. "Joto likivuta maji, linavuta maji matupu. Chumvi haiendi popote. Kwa hiyo yakishuka chini ya alama hii, yarudishie kwa maji ya mvua. Usitie ya bahari."

"Lakini si viumbe vya bahari hivi?"

"Ndiyo. Na chumvi yao bado wanayo humu. Ukiwatia ya bahari unawapa chumvi juu ya chumvi, mpaka iwachome."

Akanifundisha na chokaa. Alikuwa akichukua chembe tu, anaitia ndani ya chupa ya maji, anaiacha itulie mpaka machicha yakae chini. Yale maji safi ya juu ndiyo anayoyadondosha tangini, tone kwa tone. Alisema matumbawe yanajengea mifupa yao kwa hiyo.

"Mji mzima huu umepakwa chokaa iliyotokana na wao," alisema. "Sisi tunawarudishia chembe."

Mwezi wa Septemba 1969 Borafya alizama mbele ya pwani ya Mtoni. Hakutoka.

Wenzake walimtafuta mpaka wakachoka. Mwili haukuonekana. Tulimsalia sala ya ghaibu, na imamu akatwambia kuwa aliyekufa maji ni shahidi. Nilijishika na neno lile, kwa sababu sikuwa na kingine cha kujishika nacho.

Kaburi hakuna. Sanda hakuna. Lililobaki ni lile tangi.

Nilikaa eda mbele yake. Nikimaliza kusali nageuka nawatazama wale samaki wakizunguka. Matumbawe yalikuwa yakifumbuka asubuhi kama viganja vya mtoto mchanga. Nikisema moyoni, madhali hivi viko hai, basi kuna kitu cha Borafya bado kinapumua.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mavyaa wangu, Bi Sichana. Asili yake Tumbatu. Borafya alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu hitima ya arubaini alikuwa hasemi ila salamu na "Alhamdulillahi".

Nilipotoka eda nilijiandikisha darasa la jioni la watu wazima. Miaka thelathini na ushei, sijui hata kuandika jina langu. Nikirudi darasani nasali isha, kisha naongeza maji ya mvua tangini mpaka kwenye alama. Kila siku yalikuwa yakishuka kidogo. Hilo la kawaida.

Mpaka ilipofika Machi ile.

Joto la kuunguza, maji hayashuki. Kesho yake, hayashuki. Wiki nzima yamesimama palepale kwenye alama.

Nilimwita jirani yetu, Bi Wanu, aje atazame.

Bi Wanu alikuwa mtu wa maneno. Akainama, akaweka jicho kwenye kioo, akanyanyuka taratibu.

"Shoga, hii karama."

"Usiseme hivyo, Bi Wanu."

"Nisiseme kwa nini? Mumeo si shahidi? Mtungi wangu mie umekauka na una kifuniko. Lako liko wazi na halipungui. Unataka malaika aje akupigie hodi ndiyo uamini?"

Nilicheka, kisha nikalia.

Siku mbili hazikupita, mtaa mzima unajua. Wanawake wakaja na vichupa. Huyu mtoto wake ana pumu, yule miguu inamuuma. Niliwapa kidogo kidogo. Wallahi sikuchukua kitu kwa mtu. Nilisali rakaa mbili za kushukuru na nikamwambia Mola wangu, kama hii ni ishara kutoka kwa mume wangu, basi nimeipokea.

Lakini matumbawe hayakuwa na habari ya karama.

Yalianza kujifumba. Kisha rangi ikayatoka, yakawa meupe kama mfupa. Nikadhani yana njaa ya chokaa, nikadondosha yale maji yake kama nilivyofundishwa. Wapi. Asubuhi moja nikamkuta samaki mmoja amelala ubavu juu ya mchanga.

Nilimpeleka mtu akamwite Mmanga, aliyekuwa akizama pamoja na Borafya. Akaja na kipimo chao, kile cha kioo chenye shingo ndefu kinachoelea. Maji yakiwa na chumvi nyingi, kinanyanyuka juu.

Akakitia tangini. Kikanyanyuka kama mtu aliyeitwa jina.

Mmanga akakitoa, akakifuta, akakirudisha. Kikanyanyuka vilevile.

"Shemeji, mnatia nini humu?"

"Maji ya mvua. Na sasa hata hayo sitii. Hayapungui."

"Yanapungua."

"Mmanga, nimeyaona kwa macho yangu."

"Yanapungua, shemeji. Na kuna mtu anayajaza kabla hujaamka, tena kwa maji ya bahari. Humu sasa unaweza kuanika chumvi ukauza." Alipoona uso wangu aliacha mzaha. "Karama haina chumvi, shemeji. Nisamehe."

Nilihisi nimefiwa tena.

Halafu ikaja hasira. Nikenda moja kwa moja kwa Bi Wanu.

"Bi Wanu, ni weye unayenichezea?"

"Nikuchezee nini?"

"Unatia maji ya bahari kwenye tangi la mume wangu ili upate la kuhadithia watu."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mie? Kwa magoti haya, niteremke pwani nikateke maji, nipande ngazi zenu na ndoo? Mwatum, una homa? Mtu pekee nnayemuona anatoka alfajiri na birika ni..."

Akashika mdomo wake.

Sikumuuliza zaidi. Nyumba ile tulikuwa wawili.

Kesho yake nilisali alfajiri, nikabaki juu ya msala. Nikasikia mlango wa chini. Nikajitia baibui nikafuata.

Bi Sichana alikuwa akitembea taratibu, birika mkononi. Lilikuwa birika letu la kutilia udhu. Alishuka mpaka pwani ya Malindi, akavua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akainama akachota.

Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Nilimsikia vizuri.

"Twende nyumbani, baba," alisema. "Twende, kunakucha."

Akalikumbatia birika kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akageuka.

Nilijibanza kwenye ukuta wa pwani akapita.

Nilipofika nyumbani, alikuwa mbele ya tangi. Alikuwa akisoma Kulhuwallahu, na huku anamimina. Alianza upande mmoja, akaja nayo polepole mpaka upande wa pili, hakuruka mahali.

Hapo nikafahamu.

Ndivyo tunavyomwagia maji kaburi. Kichwani mpaka miguuni.

Mama yule hakuwa na kaburi la kuzuru. Kila mtu siku ya Ijumaa ana pa kwenda na birika lake na kitawi cha mrehani. Yeye hana. Akajitengenezea.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakushtuka. "Marahaba, mwanangu. Nshakuamsha?"

"La. Mama, maji hayo umekuwa ukiyatia tangu lini?"

"Tangu arubaini. Zamani nikitia tone tu. Msimu wa joto ulipoingia nikamuona anakaukiwa, nikawa nampa birika zima." Akagusa kioo. "Yeye yumo baharini, Mwatum. Na mie siwezi kukaa baharini. Basi namleta kidogo kidogo."

Niliomba dua kimya, ya kupata ulimi. Nilikuwa na uwezo wa kusema uongo. Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza, akaendelea mpaka kife cha mwisho.

Lakini yeye mwenyewe akauliza. Alikuwa akitazama yale matumbawe meupe.

"Mbona hawa wamepauka? Mmanga alisema nini jana?"

"Alisema chumvi imewazidi, mama."

"Kwa maji yangu?"

Nikalitazama birika mkononi mwake. Hilo likatosha kuwa jibu.

Akakaa chini kwenye mkeka, birika pajani.

"Basi nimemzamisha mara ya pili," akasema.

Nilimkumbatia. Mifupa mitupu. Tulilia mpaka jua likaingia dirishani, na hapo ndipo nikamuuliza.

"Mama, makaburini kwenu Tumbatu mnamwagia maji gani?"

"Ya kisima. Nani atamwagia kaburi maji ya chumvi?"

"Basi na hawa ndivyo wanavyotaka. Maji ya mvua."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akanipa birika nikalijaze.

Mmanga alisema lililobaki hai ni tumbawe moja tu na samaki mmoja, na kwamba hawawezi kutupwa baharini ghafla. Chumvi ya tangi ishushwe pole pole, ifanane na ya nje, ndipo warudishwe. Basi kila alfajiri nilichota maji kidogo ya zamani nikamwaga, na Bi Sichana akatia maji ya mvua, kichwani mpaka miguuni, akisoma sura zake. Mkono uleule, birika lilelile. Na kile kipimo cha Mmanga kikawa kinazama siku baada ya siku.

Samaki hakungoja. Alikufa Jumatano.

Ijumaa tulilichukua lile tumbawe ndani ya ndoo mpaka Mtoni. Bi Wanu alikuja, magoti na yote. Aliwaambia wale wenye vichupa wavimwage, na wengine walikuja kuvimwaga palepale pwani. Mmanga akalizamisha mahali alipomwona Borafya mara ya mwisho.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nilichojifunza kwenye tangi ni hiki: ukimpenda mtu, tazama kwanza kilichompungukia ni nini. Sisi tulikuwa na chumvi ya kutosha mle ndani, na tulikuwa tukiongezana.

Mmanga alipopanda juu, Bi Sichana alikuwa ameshainama kwenye maji, ndoo mkononi, tayari kuchota. Nadhani hakujua anafanya nini. Niliushika mkono wake, nikasema kwa sauti, mbele ya Mmanga na Bi Wanu na wanawake wote waliokuwa pale:

"Mama, mashahidi hawa hapa. Kuanzia leo pwani huji peke yako. Kila Ijumaa ntakuja na weye, tutamsomea mwanao hapahapa alipo. Tutakuja mikono mitupu, na tutarudi mikono mitupu. Madhali nnapumua."