Zamu ya Mama Mlangoni

Kwenye ukuta wa sebule ya mama, hapa Kibirichia, ipo picha yangu nikiwa kijana mwenye sare nyeupe, nimesimama kando ya mzinga wa meli. Kila mgeni alionyeshwa picha hiyo kabla ya kupewa chai. "Huyu ndiye anayelinda bahari," mama alikuwa akisema, na mimi, nikiwa likizo, niliinamisha kichwa. Watu walidhani ni unyenyekevu, kumbe ni aibu tu. Mzinga ule sikuupiga hata siku moja. Nilikuwa mpishi.

Nilitumikia jeshi la majini miaka ishirini na sita. Niliingia bila cheo, nikatoka sajini, na karibu miaka hiyo yote niliimaliza jikoni. Tulipokuwa kuruta, mkufunzi aliuliza nani anajua kupika, na mkono wangu ukawa juu kabla sijafikiri. Nilijua kupika kwa sababu nilikulia kando ya mama, kwenye kigoda kidogo cha mbao karibu na mafiga, nikimenya viazi huku akinisimulia mambo ya watu wa sokoni. Nilipotahiriwa, kigoda kilitolewa nje. Kwetu Meru, mwanamume aliyetahiriwa hana kazi jikoni kwa mama yake. Chakula humfuata aliko. Nilijivuna kuwa mtu mzima, lakini jioni ya kwanza kula peke yangu, nikisikia dada zangu wakicheka kule ndani, niliona wivu ambao sikumwambia mtu.

Sasa ningemwambiaje mama kwamba serikali ilinichukua kutoka huku milimani, ikanivalisha sare, halafu ikanirudisha jikoni? Nikanyamaza, na picha ikaongea kwa niaba yangu.

Kazi yenyewe niliipenda. Jiko la meli lina vyuma pembeni vya kuzuia sufuria zisiteleze, na sufuria haijazwi kupita nusu, la sivyo mchuzi utakuvaa. Unasimama miguu umeitanua na kisu ukikishika vizuri. Mimi ni mtu wa hasira, nakiri, na kisu butu hunitoa roho mpaka leo. Lakini bahari ilipochafuka na vijana wakalala chini wakitapika, hasira zote ziliniisha. Niliwapikia uji mwepesi wa unga wa wimbi wenye tangawizi, kama alionipa mama nilipokuwa na homa, nikawashika vichwa wakanywa. Na kila gunia la viazi lilipofunguliwa, nilichukua kimoja nikanusa udongo wake. Huenda vilitoka kwingine kabisa. Mimi niliamua vimetoka kwetu, na hakuna aliyenikatalia.

Nilistaafu, nikarudi nyumbani. Mwaka uliopita mama alipata kiharusi na mkono wake wa kulia ukalegea. Mke wangu ana duka Makutano na hurudi Jumamosi. Dada zangu wameolewa mbali, wawili wako Embu. Tulimtafutia mama wasaidizi, akawafukuza wote wawili ndani ya mwezi mmoja, mmoja kwa kutojua kuosha maharagwe, wa pili kwa kuimba. Akawa anakunywa chai na kula mkate. Nguo zilianza kumpwaya, na nilipomshika mkono kumpeleka kanisani nilihisi mfupa mtupu. Niliogopa. Nilimwona akiniondokea polepole kwa sababu ya chakula, na mimi nimelisha watu maisha yangu yote.

"Nitakupikia," nikamwambia.

"Hapana, Baba." Huniita Baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake mzazi. "Watu watasema nimemgeuza askari kuwa mwanamke wa nyumba. Heri nikae na njaa."

Nikaishusha picha ukutani, nikaiweka mapajani mwake na kumwonyesha, chini karibu na kiatu changu, kitu ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiona: birika la chai. Nilikuwa nimewapelekea chai wapiga mzinga, mmoja wao akanipiga picha kwa utani. Nikamwambia mambo yote tangu siku ya kuinua mkono.

Aliligusa birika lile kwa kidole. "Kwa hivyo miaka hiyo yote ulikuwa jikoni."

"Ndiyo, mama."

Akanirudishia picha, akaenda kulala mapema. Mimi nililala nikijiona mtoto mdogo aliyevunja chungu.

Asubuhi nilimkuta amekaa nje ya mlango wa jikoni, juu ya kigoda kile cha zamani, ambacho miaka yote kilikuwa kikibeba mtungi wa maji. "Pika," akasema. "Mimi nitaangalia njia. Nikikohoa, toka kwa mlango wa nyuma ushike jembe."

Ndivyo tulivyoishi miezi mitatu. Mimi kwenye moshi, mama kwenye zamu, na sijawahi kuona baharia aliyeshika zamu kwa makini kama yeye. Akikohoa, natoka mbio nikiwa na vitunguu mkononi, naenda kulima mahali palipokwisha kulimwa. Alinigombeza kwa kupika sufuria nusu, akidhani jeshi limenifundisha uchoyo. Siku moja alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, mbona unasimama hivyo? Jiko hili haliendi mahali." Nilitazama chini, nikaona miguu yangu imetanuka. Lakini alikula. Mashavu yakarudi, naye akaanza kudai chumvi.

Juzi nilikuwa nikiponda mukimo wa viazi na mahindi, aproni kifuani, mbwa akabweka. Nilichungulia nikamwona rafiki ya mama wa kule kanisani, mama mmoja mwema ambaye ukimwambia jambo asubuhi, Kibirichia nzima inalo kabla ya mchana. Nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Nikadhani mama amesinzia.

"Karibu," nikamsikia akisema. "Utakula. Kijana yangu anapika."

Nilisimama na mwiko hewani. Yule mama alifika mlangoni, akanitazama kuanzia aproni hadi viatu, kisha akamgeukia mwenzake. "Si huyu ndiye wa mzinga?"

"Mzinga walipiga wengine," mama akasema. "Huyu ndiye alikuwa anawalisha. Miaka ishirini na sita, na baharini. Wewe umewahi kupika jiko likitembea?"

Mgeni akaingia. Nilimpakulia, akala, akaomba aongezewe, na nilipomwongezea nilitazama sahani tu, maana nilijua nikimtazama mama nitalia.

Mama aliinuka akishika mlango kwa mkono mzima. Akaanza kukisukuma kigoda kwa mguu, taratibu, kikapita kizingiti, kikakwaruza sakafu mpaka kando ya mafiga, mahali pake pa zamani.

"Umesimama sana, Baba," akasema. "Keti."

Nikaketi.