Laptopu ya Afande wa Kimaka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya kompyuta mjini Jinja, nilikatazwa kushika bisibisi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha, nikidhani kabla ya saa sita mchana watu wote watakuwa wamejua ubingwa wangu. Msimamizi wa karakana, Mkenya wa Bungoma aliyekuja Jinja kwa kazi ya miezi michache akakaa moja kwa moja, aliniwekea mezani laptopu iliyokufa, akavuta stuli akaketi.

"Niambie inaumwa nini," akasema.

"Niifungue kwanza, bwana."

"Wewe dada, hebu weka hiyo bisibisi chini. Unapasua mgonjwa hata hujamsalimia? Muulize mwenye mashine. Ilikuwa inafanya nini ilipozima? Nani alikuwa ameishika? Na ndani kuna nini ambacho akikikosa atalia?"

Hayo ndiyo maswali matatu aliyonifundisha, na kwa kuwa alinifundisha kwa Kiswahili, nayaandika haya kwa Kiswahili, ingawa nyumbani kwetu ni Kisoga. Mwanzoni niliona ananipotezea muda. Lakini mimi ni mdadisi wa kuzaliwa, na baada ya wiki chache niligundua kwamba majibu ya watu yananivutia kuliko nyaya zenyewe. Mtu atakuambia mashine imezima yenyewe, ukimchimba kidogo unakuta chai ilimwagika juu yake Jumapili.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa tawi letu la Mbale. Meneja wa tawi alikuwa mtu wa mbio. Kwake kila ugonjwa ulikuwa na dawa moja, kufomati, yaani kuifuta diski yote na kuweka mfumo mpya. "Fomati, weka mpya, mwingine aingie," alikuwa akisema, na foleni yetu kweli ilikuwa fupi. Nikaizoea njia hiyo, tena kwa raha. Siku moja alikuja mwalimu wa kike kutoka Busiu na laptopu iliyokwama. Sikumuuliza chochote. Alipoirudia jioni ilikuwa inawaka vizuri sana, na maandalio yake ya masomo ya miaka sita hayakuwamo. Hakunitukana. Aliketi kwenye benchi akaifungua folda moja tupu, akaifunga, akaifungua tena. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka naacha ninachokifanya.

Msimamizi wa Jinja alipostaafu akarudi kwao, mimi ndiye niliyeitwa kushika nafasi yake. Na hapo ndipo ninapotaka kuwasimulia ninyi vijana habari ya afande.

Aliingia Jumatano asubuhi na magwanda yake, laptopu kwapani, akasalimu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi walisogea bila kuambiwa; kwa watu wa umri wao, waliokijua kama lugha ya wanajeshi, Kiswahili kikiingia mlangoni kimevaa buti hakijawahi kuwa habari njema. Yeye hakuwaona. Aliiweka mashine mezani kwangu.

"Mama Sauda, hii kitu imekataa," akasema. "Watu wameniambia wewe hufuti vitu ya watu."

"Karibu, afande. Ilikuwa inafanya nini ilipozima?"

"Ilikuwa inajipandisha. Ikafika nusu, umeme ikaenda."

Niwaeleze kidogo. Mfumo endeshi ndio programu mama inayoiamsha mashine na kuzigawia programu nyingine kazi. Kuupandisha ni kuweka toleo jipya juu ya la zamani huku mafaili ya mwenyewe yakibaki mahali pake. Shughuli hiyo huchukua saa nzima au zaidi, na kuna wakati katikati ambapo mashine haina la zamani wala jipya. Ikizimika hapo, haijui iamke vipi.

Lakini jibu lake halikuniingia akilini. Umeme ukikatika, laptopu hushikiliwa na betri yake.

"Na betri?"

"Betri iko."

Niliinyanyua mashine. Ilikuwa nyepesi mno. Nikaigeuza, na pale mahali pa betri palikuwa na shimo.

"Iko wapi, afande?"

Akakohoa. "Iko nyumbani. Ndani ya kabati."

Sikumcheka, maana nusu ya wateja wangu walikuwa hivyo. Laptopu ya wakati ule betri yake ilichomoka kwa kubonyeza vidole viwili, na watu waliamini kwamba ikikaa kwenye mashine inachakaa. Basi waliitoa ikiwa bado mpya, wakaifunga kitambaa na kuihifadhi kama vyombo vya wageni, mashine ikaendeshwa kwa waya wa ukutani peke yake.

Nikamuuliza kilichomo ndani. Akaniambia polepole, akiangalia mlango. Alikuwa masomoni katika chuo cha jeshi pale Kimaka. Andiko lake la kumalizia kozi, kazi ya mwaka mzima, lilikuwa humo, na hakuwa na nakala nyingine. Ijumaa saa nne asubuhi linatakiwa. "Nisipopeana, narudi kikosini mikono mitupu," akasema. "Wale nilianza nao watakuwa wakubwa yangu."

Niliichomeka nikaiwasha. Ikazunguka, ikazima, ikawaka tena, kisha ikaleta skrini ya buluu iliyotaka ufunguo wa kuokoa, tarakimu arobaini na nane. Hapo udadisi ukanishika kwelikweli. Diski yake ilikuwa imefungwa kwa siri: kila kilichomo kimevurugwa makusudi, na bila namba hizo hata ningeichomoa nikaipachika kwenye mashine nyingine ningeona takataka tupu. Mashine iliona namna yake ya kuamka imebadilika, ikadhani imeibwa, ikajifungia. Mtu wa kufomati angefuta kila kitu hapohapo na kuita hiyo ni matengenezo.

"Afande, nani aliiwasha laptopu hii mara ya kwanza, ikiwa mpya?"

"Mke yangu. Yeye alinunua."

"Basi ufunguo ulihifadhiwa kwenye akaunti ya barua pepe aliyoisajilia. Mpigie."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtoto aliyevunja sahani. "Ile betri, alinikataza kutoa. Mara tatu."

Nilimwambia achague kati ya Ijumaa na aibu. Alipiga, akanisukumia simu. Mama aliyepokea alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Namba zangu sisomi kwa simu. Nakuja mwenyewe," akakata.

Alifika kutoka Buwenge kabla ya adhuhuri. Alikuwa Nalongo, yaani mama wa mapacha, mwenye duka la vitambaa kule. Tulisalimiana kwa Kisoga, tukiwa tumepiga magoti kidogo kama ilivyo ada, kisha akageukia Kiswahili, kwa kuwa mumewe ni mtu wa kaskazini na hiyo ndiyo lugha ya nyumba yao. Alifungua mkoba akatoa betri, bado imo kitambaani, akaiweka mbele ya mumewe bila neno.

"Afande," akasema kisha, "hii ulikuwa unatunzia nani?"

"Nisamehe, Nalongo."

"Kila karatasi yako mimi ndiyo nilichapa. Dukani, wateja wakiningoja. Ungesemaje kwangu ikipotea?"

Nalongo akafungua akaunti kwenye simu yake, akanisomea tarakimu sita sita, mara nane, nami nikichapa na kuzirudia kwa sauti. Mashine ikakubali. Sikuanza kuitengeneza, kwanza niliingia kwa njia ya dharura nikayanakili mafaili yote kwenye diski ya nje, maana matengenezo nayo yanaweza kuua. Ndipo nikairudishia betri, nikachagua kurudi kwenye toleo la zamani, tukangoja. Ilipoamka na picha ya mapacha wao, afande alifunika uso kwa mikono miwili, nami nilikuwa na furaha kama mashine ni yangu.

Nalongo akalifungua andiko kuhakikisha. Kurasa zote zilikuwapo. Ulikuwapo na mmoja asioujua, wa shukrani, ambao afande aliuchapa mwenyewe mwishoni. Aliusoma kwa sauti. Walishukuriwa wakubwa wa kikosi kwa vyeo vyao, walimu, wenzake wa darasa, hata mpishi. Akafika mwisho, akatafuta juu, akatafuta chini.

"Imepona yote?" akaniuliza.

"Yote."

Akamsogezea mumewe laptopu. Afande alichapa kwa vidole viwili kwa muda mrefu. Sikuchungulia, na mnajua nilivyo.

Nimestaafu sasa. Laptopu za siku hizi betri haichomoki, mafaili ya watu yako hewani, na mafundi vijana wananiambia maswali yangu yamepitwa na wakati. Huenda. Mimi bado huuliza, hata pasipo mashine. Mwaka jana nilikwenda Buwenge siku ya soko, nikaingia duka la Nalongo, nikamuuliza kama mumewe alipata cheti.

"Alipata. Ijumaa ileile alipeana."

"Na ule ukurasa?"

Akacheka, akatoa chini ya meza kitabu chenye jalada gumu, lile andiko la mumewe. Alisema afande aliliweka jina la mkewe juu kabisa, na msahihishaji akamrudishia: wakubwa hutangulia, mke afuate chini. Afande akakataa kumshusha. Basi akaambiwa achague, apange sawasawa au autoe ukurasa wote.

Nalongo alikifungua kitabu mahali pa shukrani, akanigeuzia nione. Ilikuwa karatasi nyeupe, haina hata herufi moja.

"Huu," akasema, akiupangusa vumbi kwa kiganja, "ndio wangu."