Yaya anataka kuolewa Kabuta

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, anatumikaka mu hoteli moja kule mbali, ku bahari, fasi batu wenye feza wanaendaka kufanya harusi. Wanakuja na ndege, wanavua viatu, wanasimama mu muchanga, wanaoana, wanarudia kwao na muchanga mu masikio. Yaya njo anapangaka viti na maua. Miaka tisa anapangia wengine. Halafu mpishi wa ile hoteli akamuomba amuoe, na yaya akatupigia simu: harusi yake hataki ku bahari. Anaitaka huku kwetu, Kabuta, ku ziwa Mweru.

Batu wa huku walicheka mpaka wakakaa chini. Huku mutu akipata feza ya minibasi anakimbia. Na yeye atoke ku bahari, akuje kuolewa fasi ya kuanika samaki?

Lakini mi nilijua sababu. Muchanga ya huku, pale ya kuanika samaki, inaangalia Congo, ngambo ya ziwa. Tulizaliwa ngambo, tukakimbia vita na mutumbwi, mi nikiwa mu mugongo ya mama. Baba alikuwa amekufa, alibakia kule mu kaburi, ku milima ya ngambo. Kwetu, bibi harusi anapigaka magoti mbele ya baba na mama, wamubariki, njo anaenda. Na mama hapandi tena mutumbwi. Aliapa siku tulifika, na mama akiapa, hata Mungu anaandika. Donke basi, yaya akasema: "Mama akae ku kiti, ziwa nyuma yake, milima ya kwetu ionekane. Nikipiga magoti, niwaone wote wawili."

Akanifanya komite. Mutu mumoja, mi njo mwenyekiti, mi njo sekretere, mi njo ule mwenye kubeba viti. Kazi yangu ni kupeleka samaki ndani ya inchi na baiskeli, kwa hiyo batu wote wa pembeni ya maji nawajua. Yaya akaanza kuniuliza dati, siku ya harusi. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema mwezi wa tisa: hakuna mvua, hakuna matope, samaki iko mingi. Mpishi akaomba konje, likizo ya kazi, wakamupa.

Halafu nikaenda kuomba muchanga kwa bamama ya chisense, ile samaki kidogo kama kidole ya mutoto. Wanaianikaka pale kila asubuhi.

"Iwe, wewe," mukubwa wao akasema, "harusi ni siku moja. Chisense ni kila siku."

"Mama, tutawapa keki."

"Keki inaliwa na nshima?" Nshima ni ugali ya huku.

"Bwana harusi mwenyewe ni mpishi."

Wakaangaliana. "Mwanaume njo anapika? Basi chukua muchanga. Sisi tutakuja kumuangalia."

Mwezi wa nane ikiwa inaisha, yaya akaomba foto ya ile fasi pamoja na milima. Nikaenda asubuhi. Milima hakuna. Congo hakuna. Ziwa ilikuwa inaenda kidogo, halafu inaingia mu moshi, kama mutu alifunga pazia. Nikapangusa simu. Nikapangusa macho. Bamama walikuwa wananiangalia tu.

"Unatafuta nini?"

"Congo."

"Congo ilisafiri. Rudia mwezi wa tatu, mvua ikisha kuiosha."

Njo nikakumbuka. Mu hii miezi batu wanachomaka mashamba, huku na ngambo, na moshi inakaa juu ya maji mpaka mvua. Mi napitaka pale kila siku ya Mungu, kila mwaka, na nilisahau. Macho yangu inaangaliaka samaki, haiangaliaki kwetu. Ile iliniuma, sitadanganya.

Nikakimbia kwa mama. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, mwezi wa tisa milima haionekanaki."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulisema dati."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema, yaya yako angengoja mwezi wa tatu." Hakuacha majani. "Baba yako haendi fasi yoyote, yeye atangoja. Mi, miaka tisa sijagusa ule mutoto. Usimuambie. Akifika, amefika."

Nikatoka inje na simu mu mukono.

Batu ya samaki nawadanganyaka kidogo juu ya uzito. Yaya, hapana. Ku kambi ya wakimbizi, siku za kwanza, mama akienda kulima, yaya njo alinibebaka. Nikamupigia, nikamuambia yote: moshi, na ile mama alisema. Siku hizi anasemaka Kiswahili ya bahari, ya kupigwa pasi. Lakini siku ile alisema ya kwetu.

"Anasema ananingoja?"

"Anasema hajakugusa."

"Na nikingoja mwezi wa tatu?"

"Milima itakuwa. Mama atakuwa, Mungu akipenda. Na mi nitakuwa, bahati mbaya yako."

Akacheka, ama alilia. Ku simu ni sauti moja.

"Nakuya mwezi wa tisa," akasema. "Kiti ya mama iweke palepale."

Jana nilibeba kiti moja ya kanisa, nikapeleka mama ku muchanga tujaribu. Nikaiweka, mugongo ku ziwa. Akakaa, akanyoosha kitenge yake.

"Atapiga magoti wapi?"

Nikachora mustari na kisigino.

"Ni mbali. Mulete karibu."

Nikachora ingine.

"Karibu tena."

Nikachora mpaka mustari ikafika ku vidole ya miguu yake. Halafu, pole pole, akageuza kichwa, akaangalia ule moshi nyuma yake. Nikamuuliza kama anaona kitu.

"Nyamaza," akasema. "Naangalia."