Funza wa Kufuga

Mafuta ya taa yakimwagikia mawese hutoa harufu ambayo huwezi kuifananisha na nyingine. Juzi nilikuwa nahamisha dumu la mawese dukani kwangu hapa Kasulu, chupa ya mafuta ya taa ikapinduka juu yake, na mara nikawa mtoto tena, niko shule ya bweni ya misheni upande wa Kibondo, naingoja Jumamosi.

Niwaambie mapema: mimi shule niliishia darasa la nne, na zile mashine mbili za kusaga mnazozisikia zikinguruma sokoni ni zangu. Sitaki huruma ya mtu. Nataka tu kuwaeleza habari ya mkeka mmoja.

Kila Jumamosi asubuhi Mama Yustina, mlezi wa bweni letu, alitandika mkeka nje ya jiko, akaweka pini, kibatari, na kikopo cha mafuta ya taa yaliyochanganywa na mawese. Tulipanga foleni, miguu imeoshwa. "Mwakeye," anakusalimia kwa Kiha, anapokea mguu, anatafuta funza. Huna, anakupiga kofi dogo kwenye unyayo, nenda kafue. Unaye, unabaki mkekani na wengine wanafukuzwa wasisogee.

Hapo ndipo paliponisumbua. Kumtoa funza mmoja si kazi ya kukumalizia asubuhi. Mbona Skola, jirani yangu wa kitanda, alikaa pale mpaka jua likahama ukutani? Mbona aliondoka na macho mekundu, halafu uji ambao siku zote alikuwa anaumwaga akaunywa wote? Nilimuuliza.

"Kanitoa funza," alisema.

"Mwongo wewe."

"Basi kamuulize mwenyewe, mpelelezi."

Siku hizo nilikuwa na mpango wangu. Mama alikuwa amefariki, baba akanileta bweni, na mdogo wangu Isaya akabaki kijijini kwetu Muyama kwa bibi. Mgongo aliouzoea yule mtoto ulikuwa wangu. Niliona wazi kwamba bila mimi hatabebwa na mtu, atakaa chini analia mpaka afe. Nikaamua kutoroka, kwa miguu, peke yangu, kwenye misitu ambayo hata wanaume waliipita kwa makundi. Viazi vya kuchoma nilishaficha chini ya godoro la majani. Kilichonizuia ni ule mkeka. Nilitaka kwanza nijue kinachofanyika pale, halafu niende zangu.

Tatizo, miguu yangu ilikuwa safi. Basi kila jioni nikawa nakwenda kwenye banda la mbuzi wa misheni, nasimama peku kwenye lile vumbi laini, nangoja. Wenzangu walikuwa wanawakimbia funza, mimi nawakaribisha. Kidole kilipoanza kuwasha nilifurahi kama mtu aliyenunuliwa gauni.

Jumamosi ikafika. Mama Yustina akaushika mguu wangu, akautazama sana.

"Huyu umemfuga mwenyewe."

Nikajifanya natazama kibatari.

"Haya, kaa. Nyumbani nani alikuwa anakutoa?"

"Mama."

"Na wewe ulikuwa unamtoa nani?"

Swali dogo hivyo. Nikafungua mdomo niseme Isaya, kikatoka kilio, na nyuma ya kilio yakatoka yote, mpaka viazi. Hakuinua uso. Pini yake ilizunguka taratibu, kana kwamba kinachoongea ni kidole. Nilipomaliza alinipaka mafuta.

"Viazi vilete jikoni kabla ya panya. Habari za mtoto nitakutafutia."

Alimtuma Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa chumvi aliyekuwa na lori. Lori lilipopita tena, jibu likaja nalo. Mama Yustina aliniita mkekani, akaushika mguu wangu ingawa sasa haukuwa na kitu.

"Isaya anatembea," alisema. "Akibebwa anapiga mateke."

Iliniuma, siwafichi. Nililia kuliko mara ya kwanza. Halafu nikaenda kula, na habari ya kutoroka ikaishia hapo.

Kwa miaka mingi niliamini ile ilikuwa kazi ya kutoa funza, na maneno yalijipitia tu. Nimekuja kuelewa nikiwa na wanangu. Yule mama angeweza kunitoa funza nikiwa bado nimesimama. Alichokuwa anafanya ni kuinamia mguu ili nisitazamwe usoni. Mtoto mwenye kiburi kama mimi, ukimkazia macho, hupati neno.

Sasa mjukuu wangu Editha yuko likizo, anasoma bweni, kidato cha kwanza. Shuleni kwao kuna chumba cha ushauri, mwalimu mpole, viti viwili vinatazamana. Sikibezi. Ila mtoto amerudi amekonda, na nikimuuliza ananijibu, "Poa tu, Bibi." Jana nikatandika mkeka nyuma ya duka, nikachanganya mafuta yangu.

"Bibi, mimi sina funza. Navaa viatu."

"Najua. Lete mguu."

Akacheka, akaona bibi yake amezeeka. Halafu akauleta.