Mahali pa Kupokelea Msiba

Mchana ule naukumbuka, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya darasa Lusaka, nawafundisha watu wazima kusema "Nipunguzie kidogo, bosi," nao wanaitikia kwa pamoja huku wanacheka. Simu ikalia mfukoni. Nikatoka hadi kwenye ngazi kuipokea. Alikuwa dada yangu Zuhura, anapiga kutoka nyumbani, hapa Mchafukoge, Dar.

"Kaka, umekaa?"

"Niko darasani. Sema tu."

"Mama ametutoka. Asubuhi, baada ya swala. Tunazika alasiri."

Nikarudi ndani nikamalizia somo. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani sikuwa na pa kwenda.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikaa hapa barazani ukanionyesha kwenye simu picha za shule mbili, huko nje unakokwenda kufundisha Kiswahili. Moja ipo mjini, ya ghorofa. Nyingine ipo kijijini, ina uwanja mkubwa na miti. Ukaniuliza uchague ipi. Ukanitajia umeme, mtandao, hospitali, mshahara. Yote ya maana, siyabezi. Lakini mama yako anaumwa, sote mtaani tunajua, na jana hukumtaja hata mara moja.

Mimi si msomi. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Kichwa kilikuwa kizuri, miguu ndiyo haikutulia. Nikawa nazurura Kariakoo, nawaongoza wageni wanaokuja kununua mali: Wazambia, Wamalawi, Wakongo. Nawapeleka kwenye vitenge na viatu, nawatafsiria, na njiani nawauliza kwao wanakula nini, wanaoaje, mvua inaanza lini. Kwa kuuliza hivyo nikaokota lugha zao. Mteja wangu mmoja Mzambia, Mama Mwila, mwenye kicheko cha kugeuza watu njiani, akaniambia, "Wewe na mdomo huo unafaa kuwa mwalimu. Twende kwetu ukawafundishe wenzangu Kiswahili, wasipigwe bei za ajabu kila wakija hapa." Nikapanda naye basi. Nilikuwa kijana, sikuwa na mke wala kitu cha kufungasha.

Alinifikisha kijijini kwao, kaskazini mwa Zambia, kwa kaka yake Mzee Chanda. Tulisomea kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee Chanda alikaa mbele kabisa, na kila nikiingia anasimama: "Shikamoo, mwalimu!"

"Hapana, mzee. Shikamoo natoa mimi. Wewe unaitikia marahaba."

"Nani anajua Kiswahili humu?"

"Mimi."

"Basi mkubwa ni wewe. Shikamoo!"

Darasa zima hoi kwa kucheka.

Lakini kimya cha pale kilinishinda. Mimi nimekua na mikokoteni chini ya dirisha na majirani wanaogombana nyuma ya ukuta. Jioni moja mama wa nyumba ya pili akafariki. Kule wanawake hukaa ndani na wafiwa, wanaume hukaa nje kwenye moto, mpaka msiba uishe. Wote walikwenda. Mimi nikabaki chumbani. Mzee Chanda akanifuata mlangoni.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Ila marehemu simjui."

"Yeye ameshakwenda, hana shida na wewe. Hawa waliobaki ndio wanahesabu nani amekuja. Toka huko ndani uonekane."

Nilitoka, nikakaa nao, moyoni nanung'unika. Na ajabu yake, mwanangu, mimi ni mtoto wa mwanamke aliyekuwa anaitwa mtaa mzima kuosha maiti za wanawake. Mama aliweza kuacha sufuria jikoni, akachukua mtandio wake akaondoka. Niliona hayo utoto wangu wote nikadhani ni kazi tu, kama ya fundi cherehani.

Nafasi ya kufundisha Lusaka ilipotokea sikujiuliza mara mbili. Wakati naaga, Mzee Chanda akaniuliza, "Huko utakaa na nani?"

"Nimepata chumba kizuri, mzee. Kina umeme, kina maji ndani."

"Nimekuuliza nani. Wewe unanijibu chumba."

Na chumba kilikuwa kizuri kweli, nyuma ya nyumba kubwa, ndani ya ukuta wenye geti la chuma. Mwenye nyumba tulipungiana mkono tukikutana getini. Kuna siku vilio vilisikika kutoka nyumba ya pili, nikaongeza sauti ya televisheni.

Basi siku ile baada ya darasa nikarudi kwenye chumba hicho, nikakaa kitandani. Zuhura akapiga tena. "Wanamtoa sasa, kaka. Sikiliza." Akainyoosha simu mlangoni. Nikasikia wanaume wakisema La ilaha illallah. Nikasikia ndala nyingi zikiburuzwa kwenye korido yetu, na mtu akionya, "Taratibu hapo kwenye ngazi." Kisha sauti zikaanza kwenda mbali. Nikaibana simu sikioni kama mtu anayeweza kuzifuata. Simu ikakatika.

Nikaenda kugonga kwa mwenye nyumba. Nikamwambia mama yangu amefariki. "Pole sana, mwalimu," akasema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Akaniuliza kama nahitaji chochote. Nikasema hapana. Yeye hakujua aongeze nini, mimi sikujua niombe nini. Mwisho akafunga mlango polepole, kama mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia kwake nikakaa, hata siku moja.

Kesho yake nikapanda basi la kwenda kijijini. Nyumbani walikuwa wameshazika, na kukaa mle chumbani sikuweza tena. Mzee Chanda aliponiona nashuka sina hata begi, hakuniamkia wala hakutania.

"Nani?"

"Mama."

Akamwita mkewe. Jioni moto ukawashwa uani kwake, watu wakaja, hata wale waliokuwa wanasinzia darasani. Kisha mzee akaniuliza, "Mama yako aliitwa nani?"

Tangu nipate habari, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikajibu, "Mwanaidi." Wakalirudia jina lile mmoja baada ya mwingine, wanalikosea, wanalirekebisha, watu ambao hawakumwona hata siku moja. Hapo ndipo nililia. Mzee akaniacha nilie, kisha akauliza kwetu tunaombaje. Nikasoma Fatiha kwa sauti iliyokatikakatika, wao wamevua kofia.

Nilipopata njia ya kurudi Dar, kaburi la mama lilikuwa limeshaota nyasi. Nimezurura nchi nyingi baada ya hapo, na sijaona cha kunifutia nyasi zile machoni.

Sasa usidhani nakuambia nenda kijijini. Mama yangu amezikwa mjini hapahapa, na watu walijaa mpaka barabarani, mwenye duka la chini amefunga, vijana wanagombea kubeba jeneza. Alikuwa ameingia nyumba zao zote kabla wao hawajaingia kwake. Na kijijini pia unaweza kujifungia ndani ukawa peke yako. Ninachokuambia ni hiki: ukishauliza umeme na mshahara, uliza pia, nikipigiwa simu kutoka nyumbani, nani hapa atakuja kukaa na mimi? Kama hakuna, usikae ukisubiri wajitokeze. Wiki zako za mwanzo, ukisikia kilio, nenda. Lugha huijui, nenda. Marehemu humjui, nenda hivyohivyo na kilo yako ya sukari, kaa uonekane. Na mama yako mwambie majina ya watu hao kila ukipiga simu, ajue amekuacha kwa nani.

Haya, mwanangu. Mungu akufikishe salama, ampe mama yako nafuu, na huko uendako akupe majirani kabla hajakupa msiba.