Ukoko Niliompakulia Kaka

Kaka yangu alikufa akiamini kwamba nilimtukana kwa ukoko. Mimi nimeishi miaka yote hii nikisema sikumtukana, na leo nimechukua daftari niandike ilivyokuwa, maana kila nikisimulia kwa mdomo najikuta nimejipendelea. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma anisamehe mwandiko. Hasira yangu simwombi mtu anisamehe. Bado ninayo.

Kwanza nieleze huo wali, la sivyo mambo hayataeleweka.

Kabla mashamba ya mkonge hayajataifishwa nilifanya kazi ya jikoni kwa mama mmoja Mhispania. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja nje ya mji wa Kilosa. Kila Jumapili yule mama alipika wali wa kwao mwenyewe, mimi nikimshikia moto. Haupikwi kwenye sufuria. Unapikwa kwenye kikaango kipana kama sinia, chenye mikono miwili, tena kikiwa wazi. Mafiga matatu hayakitoshi, nilikuwa naongeza matofali mawili pembeni. Unakaanga kuku aliyekatwa vipande vidogo mpaka awe mwekundu, unatia kitunguu saumu na nyanya zilizopondwa, maharage mabichi, unga wao wa njano ambao mimi siku hizi naweka manjano badala yake, halafu maji, halafu mchele. Ukishamwaga mchele, mwiko unauweka mbali. Hukorogi, hufuniki.

Siku ya kwanza nilifunika. Nilitafuta bati, nikafunika, nikapalia makaa juu kama mama yangu alivyonifundisha, na yule mama akapiga kelele kama nimemwangushia mtoto. "Funua! Funua!" Maji yakikauka, mchele unaanza kulia kwa chini, tiki, tiki, tiki, na hapo ndipo unapotega sikio. Ukiutoa mapema haujawa kitu. Ukichelewa umeungua. Kwao ule ukoko wa chini ndio chakula chenyewe. Wageni wao, watu wazima na suruali zao zilizopigwa pasi, waliugombania. Mgeni aliyewekewa kipande kikubwa alijua ameheshimiwa.

Kwetu ukoko ni wa watoto, na wa yule aliyepika, anaukwangua akiwa amechuchumaa jikoni. Mgeni hapewi. Hilo nililijua tangu sijaota meno, na ninaomba msomaji alishike: nililijua.

Wazungu wale walipoondoka, mama yule aliniachia kikaango. Nikaendelea kuupika nyumbani kwetu Masanze kila mume wangu alipokuja likizo kutoka Mikumi, alikokuwa kibarua wa barabara. Tulikizunguka kikaango, kila mtu na upande wake, mimi na yeye na binti zetu wawili, na ukoko tuligawana kwa kelele. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu, naweza kusema, ukoko ulikuwa umekwisha kupanda cheo. Lakini ndani ya nyumba yangu tu.

Sasa habari yenyewe. Sisi watu wa milimani mtoto ni wa upande wa mama. Baba anazaa, mjomba anaamua. Mjomba wa wanangu alikuwa kaka yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi kule Mamboya, na binti yangu wa kwanza aliishi kwake tangu darasa la tano. Alisoma huku akimhudumia mama yetu, ambaye miguu ilikuwa imekwisha. Mwaka aliomaliza la saba alikuja nyumbani na furushi lake, akaniamkia, akakaa chini bila kulifungua.

"Mama, nimechaguliwa sekondari."

Nilipiga kigelegele. Yeye akalivuta furushi karibu.

"Barua anayo mjomba. Amesema mtazungumza."

Ndani ya barua ile kulikuwa na fomu ya kutia saini na kuirudisha kabla mwezi haujaisha, ama sivyo nafasi anapewa mwingine. Nilituma ujumbe Mamboya. Kaka akajibu kwamba ana mkutano wa walimu Kilosa, na Jumapili atapita kwangu.

Nieleze kwa nini nilikuwa na hasira hata kabla hajafika. Mimi na yeye tulianza shule ya misheni tukiwa tumepishana miaka miwili. Bibi yetu alipopofuka, wazee wakasema mmoja asome, mmoja akae na bibi. Sikuulizwa. Sikatai, yeye naye hakuulizwa, alikuwa mtoto. Lakini alikuwa mtu mzima alipoanza kufundisha elimu ya watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, akiwashika mikono vikongwe waandike majina yao. Watu walimsifu sana, na walikuwa na haki ya kumsifu. Huyo huyo ndiye aliyeshika barua ya mwanangu.

Jumapili ile nilichinja jogoo wa pekee niliyekuwa naye. Mume wangu alikuwa likizo. Kaka alifika kwa baiskeli ya kuazima, shati jeupe, na bahasha ya kaki ikichungulia kwenye mfuko wa kifuani. Niliiona kabla sijauona uso wake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Moshi huo ni wa nini, mnachoma mkaa?"

Mabinti wakapiga magoti, shikamoo mjomba, marahaba, marahaba. Mume wangu akamtolea kiti.

"Shemeji umekonda," kaka akamwambia. "Simba wa Mikumi wanakunyang'anya chakula?"

"Simba hawana taabu, shemeji. Taabu ni walimu wanaofika nyumba za watu saa ya kula."

Walicheka, na mimi nilicheka. Nikadhani mambo yatakwenda vizuri. Nilimwaga mchele, nikaweka mwiko mbali, nikakaa mlangoni pa jiko ninapoweza kuwasikia.

Kaka hakungoja kula. Alisema, "Mtoto amefaulu, mimi kama mwalimu wake nimefurahi. Lakini mama hawezi kusimama. Mke wangu ni mjamzito. Nani atachota maji?"

"Mlete mama hapa," nikasema.

"Nimemwomba mara tatu. Hatoki kwenye makaburi ya watu wake. Hata wewe ulimwomba, akakujibu nini?"

Ilikuwa kweli. Nilimwomba, akanijibu nisimwamshie wafu. Naandika hivi ili ijulikane kwamba kaka hakuwa mtu mbaya aliyekaa akitafuta wa kumharibia. Alikuwa na mama asiyetembea, na mto uko chini ya mlima.

"Basi tutafute mtu mwingine," nikasema. "Huyu aende."

Hapo akatabasamu, akaniambia kwa upole kabisa, kama anavyomfariji mtoto aliyeshindwa hesabu: "Wewe uliishia la nne, umekufa? Una nyumba, una mume, na wali wa Kizungu unapika. Umekosa nini?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nilimwona vidole. Na nyuma yangu mchele ukaanza kulia. Tiki, tiki, tiki.

Niliingia, nikatoa kuni, nikapakua. Siku ile hatukuzunguka kikaango kwa sababu ya mgeni. Nilipakua kwenye sahani. Kwenye sahani ya kaka niliweka paja. Niliweka firigisi, ambayo ni haki ya mgeni, asije mtu akasema nilimnyima. Kisha nikasimamisha mwiko, nikakata ukoko, kipande kipana kama kiganja, mwekundu, haujaungua hata kidogo, nikauweka juu ya vyote.

Hapa ndipo nimekwama miaka yote. Nakumbuka vizuri nilifikiri, kipande kikubwa, kama yule mama alivyomwekea mgeni wake. Nakumbuka pia nilishika mwiko kwa mikono miwili na meno nimeyauma. Yote mawili nayakumbuka. Lililotangulia silijui, na nikiandika kwamba nalijua nitakuwa nadanganya.

Kaka alisali, akafumbua macho, akaitazama sahani.

"Hiki nini?"

"Ukoko, kaka. Kwa wenyewe ndiyo heshima."

"Wenyewe wa wapi?"

"Uhispania."

"Mimi Mhispania?"

Mume wangu akanyoosha mkono haraka. "Leta huku shemeji, wewe meno ya mwalimu yameisha kwa chaki."

Siku nyingine kaka angempiga kikofi mgongoni wakacheka wote. Siku ile hakumsikia hata. "Unanipa ukoko," akaniambia, "mbele ya mumeo na watoto. Ukoko anapewa mtoto aliyengoja jikoni."

Ningeweza kupiga goti. Ningeweza kusema nisamehe kaka, nimezoea vya Wazungu, nikaichukua sahani nikaibadilisha, na bahasha ilikuwa pale, mkono mmoja kutoka kwangu. Mume wangu alikuwa ananiomba kwa macho. Lakini nilisema:

"Mimi nakula ukoko tangu la nne, kaka. Leo onja na wewe."

Basi. Hata kama mkono wangu haukumtukana, mdomo ulimtukana, na nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi kama ya kukuna kidonda.

Kaka alinawa mikono ambayo haikugusa chakula. Akafunga kifungo cha mfuko juu ya bahasha. "Mtoto atarudi Mamboya Jumatano," akasema, akamalizia kwa kumtazama mume wangu, siyo mimi. Mume wangu alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alisema, "Ungesema samahani tu, neno moja."

"Na wewe ungesema mwanangu asome. Maneno mawili."

Kwa desturi zetu mume hakuwa na mdomo pale. Angesema, wangemwambia anaiba mtoto wa watu. Nilijua hivyo na bado nilimkasirikia mpaka alipoondoka kurudi Mikumi asubuhi yake. Binti mkubwa hakula. Mdogo, aliyekuwa darasa la tatu, ndiye aliyeivuta sahani ya mjomba wake akautafuna ule ukoko wote, akalamba vidole.

Jumatatu hiyo hiyo nilitembea mpaka Kilosa, ofisi ya elimu. Nilimkuta kijana wa mezani, mwenye adabu.

"Mama, barua yako ilishatumwa shuleni."

"Imepotea."

"Imepotelea wapi?"

"Mfukoni."

Alinitazama. Akafungua kabati, akapekua, akatoa fomu nyingine. "Baba yuko wapi?"

"Mikumi, barabarani."

"Mlezi?"

"Ni mimi."

Nilidanganya, maana mlezi hakuwa mimi, alikuwa kaka, na ukoo mzima ulijua. Akanipa kalamu. Niliandika jina langu, la baba na la babu, herufi zikipanda juu kama zinakwea mlima.

"Mama, hapa inatosha saini tu."

"Acha likae lote."

Binti yangu mkubwa akaenda shule. Nilishinda. Hapo ndipo hupenda kuishia nikisimulia kwa mdomo, na watu hunisifu.

Lakini Jumatano ilifika, na mama yangu alikuwa Mamboya hawezi kusimama. Katika hilo kaka alikuwa na haki, mtu alitakiwa. Ningeweza kwenda mimi. Nilikuwa na zamu ya shamba la kijiji, nilikuwa na nyumba, mume angekuja asikute mtu. Sababu hizo nimezisema mara nyingi, na nikizisoma hapa kwenye daftari zinazidi kuwa nyembamba. Nilichofanya ni kufunga furushi la yule mdogo.

"Utasoma huko huko," nilimwambia. "Mjomba ni mwalimu."

Kaka alimpokea vizuri. Alimfundisha hesabu jioni kwa kibatari chake mwenyewe, hilo amenieleza binti mwenyewe. Nyumbani kwangu kaka hakula tena mpaka anakufa. Akipita alikunywa maji akiwa amesimama. Mdogo alisoma kati ya safari za mtoni, akamaliza la saba, hakuchaguliwa. Mama yangu alimfia mikononi. Sasa ana shamba lake Mamboya na watoto wanne. Dada yake ni muuguzi. Mdogo hajawahi kuniuliza kitu.

Walikuja wote wawili juzi. Nilipika ule wali, kikaango kimebonyea siku hizi, moto haukai sawa. Nilikata ukoko, kipande kipana, nikamwekea mdogo juu ya sahani yake.

"Mpe dada," akasema, anacheka. "Yeye ndiye mgeni. Mimi wa jikoni." Akausogeza kwenye sahani ya mwenzake.

Niliuchukua kwa mkono nikamrudishia.

"Kula," nikamwambia. "Kula wewe."

Sauti ilitoka kali mpaka wote wawili wakaacha kutafuna. Ilikuwa sauti ile ile niliyomwambia nayo kaka, na safari hii sikuwa na kaka wa kumkasirikia.